Milango Arobaini na Minane

Banda letu lilikuwa la nne kutoka kona, pale Keko, kando ya barabara. Kila asubuhi mimi na mume wangu Gozbert tulifika kabla jua halijawa kali. Yeye alifungua kufuli. Mimi nilifagia vumbi la mbao la jana, nikamwaga maji kidogo mbele ya banda. Kisha kila mtu alishika kazi yake. Yangu ilikuwa msasa na vanishi. Yake ilikuwa mengine yote.

Kitu cha kwanza alichokishika kila siku kilikuwa ufito.

Ulikuwa ufito wa mninga, mrefu kuliko yeye kidogo, mwembamba kama kidole gumba. Ulikuwa na mikato kumi na mmoja iliyochongwa kwa kisu. Mkato wa kwanza ulikuwa kimo cha stuli. Wa tatu ulikuwa upana wa mlango wa kabati. Wa tano ulikuwa upana wa kabati lenyewe. Wa mwisho, karibu na ncha, ulikuwa urefu wa kitanda. Gozbert hakutaja sentimita. Alisema tu, "Kata kwenye wa mwisho."

Hakuwa peke yake. Mafundi wengi wa mstari wetu walipima hivyo. Kijana alipomaliza kujifunza, fundi wake alimkatia ufito. Aliulaza ufito mpya kando ya wake, akanakili mikato yote kwa kisu. Zililetwa soda, watu wakapiga makofi, na kuanzia siku hiyo kijana aliitwa fundi. Gozbert alikatiwa ufito wake na mzee mmoja ambaye sasa ni marehemu. Rafiki yake Allen, wa banda la pili, alikatiwa na mzee huyohuyo.

"Sie ni ndugu wa ufito mmoja," Gozbert alipenda kusema.

Tepu ya kupimia alikuwa nayo. Ilining'inia kwenye msumari, na mimi nilikuwa nikiifuta vumbi.

Watu waliyapenda makabati yake. Akishaunda kabati, aliujaribu mlango. Ukigoma, aliupunguza kwa randa. Alijaribu tena, akapunguza tena, mpaka ukaingia. Kisha alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye uwazi kati ya mlango na fremu, akizunguka pande zote. Ukucha ukipita bila kukwama, alitabasamu. Kila mlango uliingia kwenye kabati lake. Kwenye kabati jingine usingeingia, lakini hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Miaka minne iliyopita, mwezi wa Kwanza, alikuja Salsabil. Sote tulimjua. Ni binti wa Bi Zubeida, mwenye duka la bawaba, gundi na misumari pale kona. Duka hilo lilianzishwa na babu yake Bi Zubeida. Salsabil alipokuwa mdogo aliokota maranda kwetu, akayavaa mkononi kama bangili. Sasa alikuwa amesoma ufundi chuoni, na alisimamia mafundi kwenye majengo.

"Shikamoo, Fundi Gozi. Shikamoo, Mama Blessing."

"Marahaba, mwanangu," Gozbert akasema. "Naona kofia ngumu kichwani. Umekuwa askari?"

"Bora askari, fundi. Askari anagombana na wezi. Mie nagombana na mafundi."

Tulicheka. Salsabil alikunjua karatasi kubwa juu ya meza ya kazi.

"Kuna ghorofa la kupangisha linajengwa Mbezi Luis, karibu na stendi," akasema. "Nyumba sita. Kila nyumba inataka makabati manne ya jikoni. Kila kabati lina milango miwili."

"Milango arobaini na minane," nikasema.

"Ndiyo, Mama Blessing. Mbao za kawaida hawataki. Wataleta bodi za kiwandani. Vipimo vyote vimo kwenye mchoro huu. Umeuelewa, fundi?"

Gozbert aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Aliugeuza kidogo. Kisha akakuna shavu.

"Nimeelewa," akasema.

"Kama kuna swali, niulize sasa. Hakuna ubaya."

"Binti, mie nilianza kukata mbao mama yako hajaolewa."

Mimi nilimjua mume wangu. Alikuna shavu pale tu alipokuwa hajaelewa. Lakini nilinyamaza, kwa sababu kulikuwa na watu.

Kazi ile ilikuwa na maana kubwa kwetu. Salsabil alituambia kuwa tukiifanya vizuri, kuna majengo mengine mawili. Na hali ilikuwa imebadilika. Watu walikuwa wakinunua makabati ya dukani, yanayokuja kwenye maboksi. Mwaka ule mabanda matatu ya mstari wetu yalikuwa yamefungwa. Gozbert alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kazi nyingine hakuijua.

Jioni alirudi na mchoro nyumbani, Keko Machungwa. Binti yetu Blessing alikuwa amemaliza kidato cha nne, akisubiri matokeo. Aliukunjua mchoro mezani.

"Baba, hapa pameandikwa mia nane. Mia nane nini?"

"Hayo ni ya ofisini. Ondoa, mama yako anataka kuweka chakula."

"Lakini inaonekana ni milimita. Shuleni tulisoma..."

"Blessing. Shuleni mlikata mbao?"

"Hapana, Baba."

"Basi."

Kesho yake aligawana kazi na Allen. Gozbert angetengeneza fremu, Allen angetengeneza milango. Wangemaliza haraka.

"Kabati ni mkato wa tano," Gozbert akamwambia. "Mlango ni wa tatu. Unaujua."

"Naujua hata nikiwa usingizini," Allen akasema.

Walifanya kazi wiki tatu, kila mmoja bandani kwake. Sijawahi kuona kazi safi kama ile. Tulipakia kila kitu kwenye kirikuu, tukaenda Mbezi.

Mlango wa kwanza ulikataa kuingia. Wa pili vilevile. Allen alichukua mlango mwingine, akajaribu kabati jingine. Ukakataa.

Kulikuwa na mafundi rangi pale, wakipumzika kwenye ndoo zao. Mmoja akasema, "Braza, mlango wako umekataa kuolewa." Mwingine akajibu, "Siyo mlango. Ni bwana harusi mwembamba." Wakacheka.

Gozbert hakucheka. Alitoa randa kwenye mfuko, akaubana mlango katikati ya magoti, akapiga kama alivyopiga maisha yake yote. Lakini bodi ya kiwandani si mninga. Juu ina ngozi nyembamba nyeupe, na ndani ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Randa ilipopita, ngozi ilibanduka. Ukingo wote ukaliwa kama mkate uliotafunwa na panya. Gozbert alibaki ameshika randa, akiutazama.

Salsabil alifika muda mfupi baadaye. Alitoa tepu, akapima ndani ya fremu. Akapima milango miwili. Akaandika kwenye simu.

"Fundi, mchoro unasema nini hapa?" akauliza kwa sauti ya chini, ili wapaka rangi wasisikie.

Gozbert akakuna shavu.

"Injinia anakuja Jumatatu ijayo," Salsabil akasema. "Nina siku saba. Zikipita, atawapa watu wa kiwandani kazi hii na zile nyingine, na sitaweza kumzuia. Kesho nitakuja Keko. Mkae na fito zenu, wewe na Fundi Allen."

Tulipakia tena kila kitu, tukarudi Keko. Tulipofika, alisema jambo moja tu. "Jovina, watasema mie siyo fundi."

Nilimwambia, "Waambie ukweli, Baba Blessing. Haujawahi kumuua mtu."

Asubuhi Salsabil alikuja kama alivyoahidi. Alizilaza fito mbili juu ya meza, ubavu kwa ubavu, ncha za chini zikiwa sawa.

"Tazameni mkato wa tatu," akasema.

Tuliinama sote. Mkato wa Allen ulikuwa juu zaidi. Si sana, kiasi cha unene wa punje ya mchele. Mkato wa tano wa Gozbert ulikuwa chini ya ule wa Allen, na pale tofauti ilikuwa kubwa zaidi.

"Haiwezekani," Allen akasema. "Katukatia mtu mmoja."

"Wako kakata jioni," Gozbert akasema. "Nakumbuka. Alikuwa ameshachoka macho."

"Wako ndio kakata amechoka."

"Hakuna aliyekosea," Salsabil akasema. "Ufito ni nakala ya nakala. Kila kisu kinapopita, kinasogea kidogo. Ukitengeneza kabati zima peke yako, haina shida, maana fremu na mlango vinafuata ufito mmoja na randa inamalizia. Lakini hapa mlikuwa wawili, na bodi haikubali randa. Fundi Gozi, fremu yako ndani ina milimita mia saba tisini na sita. Mchoro unataka mia nane. Fundi Allen, kila mlango wako una mia nne na tatu. Mchoro unataka mia tatu tisini na saba."

Mlio wa msumeno ulisikika kutoka banda la jirani.

Kisha Gozbert akasema, "Mwanangu, mchoro siujui. Namba nazisoma. Tepu naisoma. Lakini ule mchoro, mistari ile, sioni kabati. Naona mistari."

Allen alitazama chini. "Hata mie," akasema.

Salsabil hakuonyesha mshangao. Aliomba kiberiti na chaki. Aliuchukua ule mlango ulioharibika kwa randa, akauegemeza ukutani. Akasimamisha kisanduku cha kiberiti mezani.

"Fundi, chuchumaa hapa, ukitazame kwa mbele. Usione juu wala ubavu. Unaona umbo gani?"

"Kijisanduku. Upana na kimo."

Salsabil akalichora umbo hilo kwenye mlango kwa chaki. "Sasa simama, ukitazame kutoka juu kama ndege."

"Naona upana na kina. Kimo sikioni."

Akalichora chini ya lile la kwanza. "Njoo ubavuni."

"Naona kimo na kina."

Akachora la tatu. Kisha akakunjua mchoro wa Mbezi kando ya maumbo yale matatu ya chaki.

"Mchoraji naye alifanya hivyohivyo," akasema. "Alilitazama kabati mara tatu. Kwa mbele, kwa juu, kwa ubavu. Mistari hii ni kabati moja."

Gozbert aliutazama mchoro. Aliweka kidole kwenye umbo la mbele, akakishusha mpaka la juu, akakisogeza mpaka la ubavu. Alirudia mara mbili.

"Kumbe limelala," akasema taratibu. "Hapa ni kabati limelala."

"Na namba hizi ni milimita. Kumi zinafanya sentimita moja. Fremu mia nane. Milango miwili ya mia tatu tisini na saba inafanya ngapi?"

Gozbert alifikiri. Nyuma yangu sauti ikasema, "Mia saba tisini na nne. Zinabaki sita." Alikuwa Blessing. Alikuwa ametuletea chai, na hakuna aliyemwona akiingia.

"Zinabaki sita," Salsabil akarudia. "Za nini?"

Blessing aliutazama mchoro. Hakujua. Kitabuni zilikuwa zinabaki tu.

Ndipo Gozbert akainua kidole gumba. "Za ukucha," akasema. "Mbili kushoto, mbili katikati, mbili kulia. Mlango lazima upumue. Ukikosa nafasi, mvua za masika zitauvimbisha."

"Sawasawa, fundi. Hilo mie nilifundishwa chuoni mwaka mzima. Wewe unalo mkononi tayari."

Salsabil alikaa kwenye stuli, akanywa chai yetu. Akatueleza. Zamani fundi mmoja alitengeneza kabati kuanzia mwanzo hadi mwisho. Siku hizi fremu inatoka Keko, mlango unatoka kwingine, bawaba inatoka ng'ambo, na anayefunga Mbezi hajawahi kuwaona hao wengine. Hawapigiani simu kuulizana. Kinachowaunganisha ni namba. Mlango ukivunjika baada ya miaka kumi, mpangaji atataja namba, na fundi yeyote atautengeneza.

"Blessing anajua namba lakini hajashika ubao," akasema. "Baba yake ameshika ubao miaka thelathini. Nyie wawili mkikaa meza moja, mnatimia fundi mmoja wa siku hizi."

"Binti yangu kwenye vumbi hili?" Gozbert akauliza.

"Mie si nimetokea kwenye vumbi hilihili?"

Walianza siku ileile. Blessing alisoma mchoro kwa sauti, baba yake akapima kwa tepu na kuchora mstari kwa penseli kali. Allen alifungua fremu zote, wakakata vipande vipya vya juu na vya chini. Milango waliipeleka kwenye mashine, ikakatwa na kuvalishwa ukingo mpya, na mmoja ukatengenezwa badala ya ule ulioharibika. Salsabil aliwafundisha kanuni moja ambayo bado ipo ukutani kwetu kwa mwandiko wa Blessing: pima mara mbili, mwenzako apime mara ya tatu. Walibishana sana.

"Mia tatu tisini na nane."

"Saba, Baba. Unatazama tepu kwa pembeni. Itazame ukiwa juu yake."

"We mtoto, nani kakuzaa?"

"Wewe. Na ni saba."

Alitazama akiwa juu yake. Ilikuwa saba.

Jumapili mchana walirudi Mbezi. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa na zamu ya kufagia kanisa. Saa tisa Gozbert alinipigia simu. "Jovina," akasema, "nimechukua mlango wa nyumba ya kwanza, nikauweka nyumba ya sita. Umeingia. Nikachukua wa nyumba ya tatu, nikauweka ya pili. Umeingia." Akaongeza, "Randa sijaitoa hata mfukoni."

Jumatatu injinia alifungua na kufunga milango yote arobaini na minane. Majengo mengine mawili tulipewa.

Lakini kwa jengo la tatu walitaka mafundi wenye cheti. Gozbert alikata tamaa tena. Alidhani ni lazima aanze shule na watoto. Salsabil alimweleza kuwa upo utaratibu wa kutambua ujuzi wa fundi aliyejifunzia kazini. Hutakiwi kurudi darasani miaka miwili. Unakwenda chuo cha ufundi, unajiandikisha, unaonyesha kazi unazoweza. Wanakuja kukuona ukifanya. Wanakuonyesha mapungufu yako, unafundishwa hayo tu kwa muda mfupi, kisha unapimwa.

Chuo hakiko mbali, upande wa Chang'ombe. Gozbert alikwenda na shati lake la kanisani. Allen alikataa. "Cheti hakichongi mbao," akasema. Lakini alipoona Gozbert anarudi kila jioni akisimulia, wiki ya pili naye akajiandikisha. Walifundishwa michoro, usalama wa mashine, na kuvaa barakoa wakati wa kukata bodi, maana vumbi lake ni baya kwa mapafu. Mambo ya mbao hawakufundishwa. Mwalimu alimwomba Gozbert awaonyeshe wanafunzi jinsi ya kunoa patasi.

Cheti alikitengenezea fremu mwenyewe. Milimita mia mbili na kumi kwa mia mbili tisini na saba, ndani.

Blessing matokeo yake yalikuwa ya wastani. Hakulia. Alijiunga na chuo hichohicho, akasoma uchoraji na useremala. Siku alipomaliza, Gozbert alimkatia ufito, kwa sababu desturi ni desturi. Soda zilinunuliwa. Lakini mikato hakuinakili kutoka kwenye ufito wake. Aliipima kwa tepu, na kando ya kila mkato Blessing aliandika namba kwa kalamu.

Gozbert alifariki mwaka jana, mwezi wa Sita, kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa mgonjwa siku nne tu.

Asubuhi iliyofuata kifo chake mafundi walikusanyika bandani kwetu bila kuitwa. Safari ya kumpeleka kwao Muleba ilikuwa iondoke jioni, kwa hiyo sanduku la kumzikia lilihitajika haraka. Allen alikuja na ufito wake. Aliushika kwa muda, kisha akauegemeza ukutani. Akamgeukia Blessing.

"Tuchoree, mwanangu," akasema. "Mie nitatengeneza kifuniko kule kwangu. Wenzangu watengeneze sanduku hapa. Tutawahi."

Blessing alichukua chaki. Ule mlango ulioharibika Mbezi bado ulikuwa ukutani. Ndio ulikuwa ubao wake wa kuchorea. Alichora maumbo matatu. Kwa mbele, kwa juu, kwa ubavu. Aliandika namba. Allen alizinakili kwenye kikaratasi, akazisoma kwa sauti mara mbili, akaenda.

Nilikaa kwenye stuli, nikasikiliza misumeno kutoka mabanda mawili. Msasa niliupiga mwenyewe. Vanishi niliipaka mwenyewe.

Saa saba mchana walileta kifuniko kutoka kwa Allen, wamekibeba watu wawili juu ya vichwa. Walikishusha juu ya sanduku.

Kilikaa. Hakuna aliyeomba randa.

Blessing alikaribia. Aliweka ukucha wa kidole gumba kwenye uwazi, upande wa kichwani. Akatembea polepole kulizunguka sanduku, ukucha ukipita mbele yake, ubavu wa kulia, miguuni, ubavu wa kushoto, mpaka akarudi pale alipoanzia. Haukukwama popote.